Kilo Nilizokata

Nyinyi mnaofanya kazi kaunta pale uwanja wa ndege, na vizibao vyenu vya kung'aa, mkija kunitembelea hapa Kisesa mnanipa shikamoo nzuri, mnakunywa chai, halafu mnauliza yale yale. Babu, ni kweli Mwanza iliwahi kuwa na kampuni yake ya ndege? Ni kweli mlikuwa mnapima abiria kwa mizani ya pamba? Mjukuu wangu Neema, ambaye ni mwenzenu, ndiye anayewachochea. Nami huwa nawasimulia habari ya yule mama aliyepanda na kuku watatu ndani ya kitenge, wakatoka juu ya ziwa na mmoja akatua kwenye kofia ya rubani. Mnacheka, mnaaga, tunaishia hapo.

Leo sitaki tuishie hapo. Rubani wetu wa mwisho aliitwa Faustine. Wanaomkumbuka wanajua kwamba aliitumbukiza ndege ziwani, akafa yeye na abiria watatu, kwa sababu alikuwa kijana asiye na uzoefu. Ndivyo ilivyoandikwa. Ndivyo mama yake anavyosikia huko Nansio mpaka leo, sokoni na kanisani. Si kweli. Aliyeitumbukiza ile ndege ni mimi, na wala sikuwamo ndani. Nilikuwa karani wa mizani. Kaeni vizuri niwaeleze, maana kazi mnayoifanya leo kwa kompyuta ndiyo niliyoifanya mimi kwa kalamu.

Nianze na pamba, kwa sababu huko ndiko nilikoharibikia.

Kabla ya ndege nilikuwa karani mpimaji wa chama cha ushirika. Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mzee, Msukuma mwenzangu, tukimwita Bhabha Luhende. Alikuwa fundi, sitamnyima haki yake. Alinifundisha kuangalia kwanza kama mizani imesimama kwenye sifuri, kisha kuangalia miguu ya watu, maana kuna mtu atakuzungumzisha habari za mvua huku kidole gumba chake kiko juu ya bamba la mizani. Alinifundisha kuingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko. Pamba iliyomwagiwa maji ina ubaridi katikati, hata kama juu imekauka. Yenye mchanga inakwaruza chini. Baada ya misimu miwili nilikuwa nalitazama gunia likishushwa kwenye baiskeli, naitaja kilo yake, na mshale wa mizani unakuja kunisadiki. Watu walikuwa wanakusanyika kunitazama. Kichwa kikavimba, kwa nini kisivimbe?

Lakini Bhabha Luhende alinifundisha na kukata. Mizani inasema arobaini na tatu, wewe unaandika arobaini. Alinieleza sababu zake taratibu, kama mtu anayefundisha katekisimu. Gunia lenyewe lina uzito. Pamba ikilala ghalani inakauka. Mzigo ukifika kwenye kinu cha kuchambulia ukapungua, karani anakwenda jela. Ukizidi, hakuna anayeuliza. Basi andika pungufu. "Ukiandika pungufu, kijana, unalala usingizi wako wote," alisema. Aliyeumia alikuwa mkulima, na mkulima hakujua kusoma mshale. Nikakata kilo za watu miaka kumi na minne, mpaka mkono ukazoea. Jicho linaona arobaini na tatu, mkono unaandika arobaini, na mimi mwenyewe sina habari kwamba kuna jambo limetokea hapo katikati.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, ushirika ukapiga magoti, na sisi makarani tukaambiwa twende nyumbani tukalime. Soko huria hilo hilo lililonitoa kwenye pamba ndilo lililoleta ndege. Zamani anga lilikuwa la shirika moja, na ndege yake ilikuja ilipojisikia. Sasa mtu binafsi akaruhusiwa. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza, aliyeanza na pamba akahamia kwenye minofu ya sangara, akanunua ndege mbili ndogo za injini mbili, kuukuu, akazipaka rangi nyeupe na kuiita kampuni Nyangenyange, kwa ajili ya wale ndege weupe wa ufukweni. Sisi tulimwita Bosi tu. Alinikuta nimekaa barazani sina kazi, akaniambia, wewe si unapima, njoo unipimie. Mizani aliyoninunulia ilikuwa ile ile ya ushirika uliokufa. Kwa hiyo mimi na mizani yangu tulihamia uwanja wa ndege siku moja, juu ya lori moja.

Mnapenda kuuliza kama tulikuwa na fahari. Tulikuwa nayo, acha tu. Siku ndege ya kwanza ilipofika, ngoma ilitoka Bujora, padri akanyunyiza maji ya baraka, na Bosi akachinja dume la ng'ombe karibu na bawa. Damu ikarukia gurudumu. Rubani wetu, Kapteni Kaijage, akavua koti, akaomba ndoo na sabuni, akaliosha gurudumu mwenyewe mbele ya wageni wote na tai yake shingoni.

Huyo Kapteni ndiye mwalimu wangu wa pili. Mhaya, mrefu, mkavu, ametoka kwenye shirika la serikali, na hakuwahi kuja kazini bila tai. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, alipanda mizani, akanilazimisha niitaje kilo yake kwa sauti: sabini na moja. Alitaka abiria waone kwamba kupimwa si matusi. Alinifundisha kuwapanga watu, wazito mbele, wepesi nyuma, ili mkia usielemewe. Alinifundisha kukinga mafuta ya ndege kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie, maji yakiwemo yatakaa chini. Na kwenye viwanja vya nyasi vya visiwani alinifundisha kupiga kisigino ardhini. Kisigino kikizama, punguza magunia matatu bila kujadiliana na mtu. Neno lake kubwa lilikuwa moja. "Karani, ndege haina haya. Haijui kwamba huyu ni mkubwa na huyu ni mkweo."

Mimi nilikuwa na haya.

Mwanzoni nilipima kila mtu. Wazee wa Kisukuma walinigombeza, wakasema wao si ng'ombe wa mnadani Magu. Hilo nilivumilia, tena niliwatania mpaka wakapanda. Kilichonishinda ni kingine. Miaka ile, nyinyi hamkuwepo au mlikuwa mgongoni, ugonjwa ulikuwa unawamaliza watu pande zote za ziwa, na kila aliyekonda alinyooshewa kidole. Kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, alisafiri nasi kwenda Bukoba kila mwezi. Mwezi wa kwanza nilitaja sabini na nane. Baada ya miezi kadhaa nikataja sitini na sita. Safari iliyofuata nilitaja hamsini na tano, na mstari mzima wa abiria ukageuka kumtazama. Alishuka kwenye mizani akajifunika uso kwa mtandio, akaondoka, hakurudi tena. Mimi ndiye niliyemtangaza. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba siku ile sikula.

Kuanzia hapo nikaacha kuwapandisha watu. Mizigo nilipima, watu nikawakadiria kwa jicho, na jicho langu mnalijua. Nikasema moyoni kwamba nimepata njia ya utu. Shida haikuwa jicho. Jicho liliona tisini, na mkono wa pamba ukaandika themanini. Jicho liliona gunia la kilo hamsini na tano, mkono ukaandika hamsini. Kwenye pamba, pungufu ilikuwa kinga yangu. Kwenye ndege kila kilo niliyoikata kwenye karatasi ilibaki mle ndani, inasafiri bila jina. Nilikuwa naandika nyepesi na kupakia nzito, siku sita kwa wiki, na usiku nilikuwa nalala usingizi wangu wote, kama Bhabha Luhende alivyoahidi.

Mtauliza, mbona ndege haikuanguka miaka yote hiyo? Nami nilikuja kujiuliza, baadaye sana. Wakati ule niliona jambo moja tu la Kapteni lililonikera. Alikuwa akisaini karatasi yangu bila neno, kisha anatembea mpaka kwenye buti ya nyuma, anaonyesha magunia mawili au matatu. Hili na hili, kesho. Hatoi sababu. Wenye mizigo wananivamia mimi, si yeye. Siku ya Krismasi moja aliacha Mwanza senene za harusi nzima, na bibi harusi akanitukana kwa Kihaya na Kiswahili mpaka nikaingia chooni kujificha.

Bosi alichoka. Magunia yaliyobaki yalikuwa ni wateja wanaohamia kwa wengine, maana sasa kulikuwa na kampuni nyingine mbili zinazonyemelea njia zetu. Akaniita ofisini. Akaniuliza kama yale magunia Kapteni anayoyaacha yalikuwa yamezidi uzito. Nikajibu kwa fahari kabisa kwamba hapana, karatasi inaruhusu, Kapteni ni mwoga tu siku hizi, umri umemfika. Mungu anisamehe. Mwisho wa mwezi ule Kapteni Kaijage alifungasha tai zake akarudi Kagera. Alipokuja kuniaga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, kama mwenye neno. Hakulisema, nami sikuuliza.

Ndipo akaja Faustine.

Alikuwa kijana wa Kikerewe, mwembamba, mcheshi kidogo, msikivu sana. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nansio, mjane, amemlea peke yake. Siku ya kwanza Faustine aliporuka juu ya Nansio, yule mama aliwatoa wanafunzi darasani wakasimama uwanjani kupunga mikono, na mwanawe akaliinamisha bawa kidogo kuwajibu. Tangu siku hiyo kila alipopita aliliinamisha. Kila asubuhi alinipa shikamoo kabla hajaitazama ndege, akapanda mizani mwenyewe bila kuambiwa, nikataja sitini na mbili, akacheka akasema mama yake atanigombeza kwamba simlishi. Aliniita Mzee Karani. Nilimpenda yule mtoto, nalisema wazi.

Tena alikuwa makini. Alichukua karatasi yangu akajumlisha upya kwa penseli, mara mbili. Hesabu zilitoka sawa kila siku. Jumla ilikuwa sahihi. Namba zilizojumlishwa ndizo zilizokuwa za uongo, na hapo penseli haina la kufanya. Aliporidhika alisaini na kupakia vyote vilivyoandikwa. Hakuacha gunia hata moja. Bosi alifurahi, nami nikafurahi kwamba hatimaye tumepata rubani anayeheshimu kazi ya karani.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Tulikwenda kisiwa kidogo nyuma ya Ukerewe, penye kambi za wavuvi na kiwanja cha nyasi kinachoishia majini. Nilikuwa nikisafiri na ndege kwenda huko ili nisimamie upakiaji, kisha narudi nayo kwenye kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Magunia ya dagaa yalikuwa yamewekwa kwenye kibanda kinachovuja, na nilipoligusa moja lilikuwa baridi. Mimi, niliyewarudisha wakulima kilomita nzima na baiskeli zao kwa ajili ya pamba yenye maji, niliandika yale magunia kwa uzito wa dagaa wakavu, kama ilivyokuwa safari ya wiki iliyotangulia.

Abiria walikuwa saba, na mimi wa nane. Wakati tunafunga buti akaja tajiri mmoja wa samaki, mtu wa mwili kwelikweli, akaomba nafasi. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa yangu. Nikampa, nikasema nitarudi kesho na boti. Nikamtania kwamba nimtundike kwenye ndoano ya wavuvi nimpime, naye akajibu, "Mimi nipimwe kama sangara?" Watu wote wakacheka. Jicho langu lilisema mia na kumi. Mkono ukaandika themanini na tano.

Faustine alikuwa ametoka kutembea kiwanja. Nilimwona kwa mbali anapiga kisigino, na niliona kisigino kinazama. Akaja na matope kwenye viatu, akachukua karatasi, akajumlisha mara mbili, lakini hakusaini. Akanitazama.

"Mzee Karani, nyasi zimeloa sana. Hizi namba ni za kweli?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningeweza kusema punguza magunia matatu. Ningeweza kusema mwanangu, sina hakika na huyu bwana mnene. Lakini watu walikuwa wanatusikiliza, na nikaona ninapimwa mimi. Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa napima kabla hujazaliwa."

Akasema samahani mzee wangu. Akasaini. Akanipa nakala ya kaboni, akaniambia nisinyeshewe.

Sitawapambia yaliyofuata. Ndege ilikimbia, ikakimbia, magurudumu yanarusha maji, nami nasema moyoni sasa inyanyuke. Ilinyanyuka mwishoni kabisa, kimo cha mti mdogo, ikapita ukingo, ikabaki hapo hapo inavuma bila kupanda. Kisha bawa la kushoto likaenda chini. Safari hii hakuwa anamsalimia mama yake. Wavuvi walifika na mitumbwi upesi kuliko mtu angetegemea. Waliotoka ni watano, akiwemo yule tajiri, na wote walisema ni rubani aliyewafungulia mlango na kuwasukuma nje. Wanne walitolewa jioni. Wafanyabiashara wawili kati yao walikuwa watu wa Nansio, wenye wake na watoto. Faustine niliwasaidia kumbeba kutoka kwenye mtumbwi. Alikuwa mzito kwa maji, na jicho langu, jicho hili la ajabu, likataja kilo yake pale pale bila kuombwa.

Wakaja wachunguzi wawili, watu wapole, na nakala yangu mezani. Waliniuliza kama niliwapima abiria na mizigo. Nikajibu, niliwapima. Neno moja hilo. Wakajumlisha, wakaona karatasi iko safi, wakanirudishia. Kama uzito ulikuwa sawa, basi kosa lilikuwa la aliyeshika usukani: kijana, kiwanja kimeloa, uzoefu mdogo. Bosi alilipokea hilo haraka, kwa kuwa marehemu habishi.

Haikumsaidia. Abiria wakatukimbia, marubani hawakutaka kuja, ndege iliyobaki ikasimamishwa pembeni mwa uwanja mpaka magurudumu yakalala. Kuku walitaga ndani yake. Kampuni haikufungwa, ilikauka tu; asubuhi moja nilikwenda kazini nikakuta kibao kimeng'olewa. Viti vilinunuliwa na kinyozi mmoja wa Kirumba. Nimewahi kunyolewa hapo, nikagundua nimekaa kile cha nyuma, kiti changu, kwa alama ya sigara iliyounguza ukingo wake. Niliondoka na nusu ya kichwa. Mizani ilikwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Miaka ikapita. Nilikwenda msibani Bukoba na meli, nikaenda kumjulia hali Kapteni Kaijage kwenye migomba yake. Alikuwa mzee sana, bado na tai. Hapo ndipo nilipoyatoa haya kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba sikuwa napima watu, na kwamba nilikuwa nakata. Hakushtuka.

"Najua," alisema. "Nilikuwa naongeza."

Alijua tangu mwaka wa kwanza. Aliisikia ndege mikononi, akaelewa karani wake anaandika pungufu. Kila karatasi niliyompa aliiongezea kilo mia na hamsini kichwani, kisha akaenda kwenye buti kuacha magunia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona nitaaibika mbele ya vijana, kwamba mimi ni mtu mzima na jicho langu lilikuwa fahari yangu, na kwamba alidhani atakuwepo siku zote. Hata siku ya kuaga alitaka kusema, akaona haya. Ndege haina haya, alinifundisha yeye mwenyewe. Sisi wawili tulikuwa nayo, na mtoto wa watu hakujua kwamba namba zangu zilikuwa na mtu wa kuzisahihisha, na kwamba mtu huyo tumemfukuza.

Kapteni amekwisha kufa. Nimebaki mimi.

Mwaka juzi nikajikaza, nikavuka kwenda Nansio. Mama Faustine amezeeka, lakini bado anaongea kama yuko mbele ya darasa. Nilimweleza yote, nikampa ile nakala ya kaboni. Akavaa miwani, akapita kila mstari na kidole, midomo ikitembea, kama anasahihisha daftari.

"Hesabu ni sahihi," alisema.

Nikamwambia ndiyo mama, hesabu ni sahihi, namba ndizo za uongo. Akafika kwenye mstari wa rubani, sitini na mbili. Akauliza kama na hiyo ni ya uongo. Nikasema hapana, hiyo ni ya kweli, alipanda mizani mwenyewe asubuhi ile. Akakiacha kidole chake hapo.

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alisema yeye hakuhitaji kuambiwa, hakuwahi kuamini kwamba mwanawe alikuwa mzembe. Lakini wajane wa wale wafanyabiashara wawili anasali nao kanisa moja. Miaka yote hii amekuwa akikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya wimbo wa kufunga, ili asikutane nao mlangoni. Akaniomba jambo moja: Jumapili, wakati wa matangazo, nisimame niseme kama nilivyomwambia yeye. Nikakubali. Ilikuwa Alhamisi. Akanilaza kwenye chumba cha Faustine, akanipikia samaki na ugali wa muhogo.

Jumamosi asubuhi nilimwambia nakwenda sokoni kununua vocha. Nikapanda meli. Nilikimbia, vijana wangu, mtu mzima na mvi zangu, nikaiacha hata kofia yangu msumarini.

Jumapili jioni simu ikalia. Alikuwa yeye, sauti ya kawaida kabisa.

"Karani, leo nilikaa benchi la mbele. Nilikuwekea nafasi." Kisha akauliza, "Ulisafiri salama?"

Tangu siku hiyo usingizi wa Bhabha Luhende umeniisha. Wiki iliyopita Neema alinipeleka kazini kwenu, mtakumbuka, akanipandisha kwenye mizani ya mizigo mbele yenu, akataja kwa sauti sabini na tatu, mkacheka. Mimi nilikuwa najaribu kama nitaweza kusimama watu wakinitazama. Nilisimama mpaka mkamaliza kucheka.

Basi mkikaa pale kaunta, pimeni. Mtu akiona aibu, mpelekeni pembeni, semeni kilo yake polepole, lakini iandikeni kama ilivyo. Na mkimjua mwenzenu anayekata, mwambieni usoni, msimwongezee kimyakimya kwa kumhurumia. Atakayekuja baada yenu hatajua kwamba inatakiwa kuongeza.

Haya yote nimeyaandika ili nisiwe na pa kukimbilia. Nakala moja anayo Neema, na Ijumaa tunavuka pamoja. Nikifika mbele pale mdomo ukawa mzito, yeye atasoma. Jana nilimpigia Mama Faustine kumwambia tunakuja, na kwamba safari hii sitakwenda sokoni. Nikamwomba Jumapili akae benchi la mbele.

"Nitakaa nyuma, Karani," alisema. "Ukishasema, nitasogea."